Maji Kidogo, Mwili Safi

Ndugu msomaji, tuanze na swali. Nyumbani kwako nani huoga wa mwisho? Tena huyo wa mwisho hupata maji ya namna gani?

Katika nyumba nyingi jibu ni hili: baba huoga kwanza, kisha wakubwa, na mtoto mdogo huoga mwisho, maji yakiwa yamebaki chini kabisa ya bidoni. Pengine huogeshwa katika beseni lile lile walilotumia ndugu zake, na kupanguswa kwa kitambaa kile kile. Basi uchafu wa mmoja humfikia mwingine, na macho mekundu ya mmoja huwa macho mekundu ya wote. Somo hili litakuonyesha jinsi kila mtu wa nyumba anavyoweza kuoga maji safi kila siku, hata kama maji ni machache.

Mji wa mito, nyumba bila maji

Mgeni akifika Kisangani hushangaa kusikia watu wakisema maji ni shida. Je, si tuna Mto Kongo? Si tuna Tshopo? Ndiyo, lakini maji ya mto si maji ya nyumbani. Ni lazima yavutwe kwa mashine, yasafishwe, ndipo yapite katika mabomba. Mashine hizo zataka umeme, na umeme wetu hutoka katika kituo cha maporomoko ya Tshopo, kilichojengwa miaka ya 1950. Umeme ukikatika, mabomba hukauka. Wazee wetu hawajasahau vita vya siku sita vya mwezi wa sita mwaka 2000, umeme na maji vilipokatika mjini.

Hapa Kabondo watu wengi hawana bomba hata kidogo. Mama na watoto hushuka kwenye chemchemi au kisima, wakapanda na bidoni la lita 20 kichwani. Bidoni hilo lina uzito wa kilo 20. Mtu aliyelibeba anajua thamani ya maji kuliko mtu ye yote.

Sasa sikiliza. Magonjwa mengine huletwa na maji machafu, kama kipindupindu. Mwaka 2011 kipindupindu kilionekana Kisangani mwezi wa tatu, kikashuka na mto hata Mbandaka na Kinshasa. Lakini magonjwa mengine huletwa na upungufu wa maji: vidonda vya ngozi, macho yenye usaha, kuharisha kwa sababu ya mikono isiyonawiwa. Mtu anayetumia maji ovyo wakati wa kuoga huwanyima wengine maji ya kunawa mikono.

Chombo chenyewe

Siku hizi madukani huuzwa kinyunyizio cha mkono. Ni kichwa chenye matundu madogo mengi, kilichofungwa kwenye mpira mrefu unaotoka kwenye bomba. Unakishika mkononi na kupeleka maji pale unapotaka. Kile cha kubana matumizi kina kijisahani ndani kinachopunguza maji, na mara nyingi kina kitufe cha kuyasimamisha unapojipaka sabuni.

Tufanye hesabu. Kinyunyizio cha kawaida huweza kutoa lita 12 kwa dakika moja. Mtu akikiacha wazi dakika 6, ametumia lita 72, yaani zaidi ya bidoni tatu na nusu. Kile cha kubana matumizi huweza kutoa lita 6 tu kwa dakika. Mtu akilowesha mwili dakika moja, akafunga maji, akajisugua kwa sabuni, kisha akajisuuza dakika mbili, ametumia lita 18. Hazijafika bidoni moja. Kwa nyumba ya watu saba, ya kwanza ni lita 504 na ya pili ni lita 126. Tofauti yake ni karibu bidoni 19 kwa siku moja!

Usiamini maneno ya mwuzaji tu. Pima mwenyewe. Weka ndoo chini ya kinyunyizio, fungua maji dakika moja, kisha tazama yamejaa kiasi gani.

Jambo moja zaidi. Kijisahani kile hutaka maji yenye nguvu. Kama maji yako hutoka katika pipa lililowekwa juu ya kibanda, yatadondoka tu kama machozi. Hapo toa kijisahani, na ubane maji kwa kufungua na kufunga.

Hatari iliyofichwa katika mpira

Umewahi kuwaona wauza mafuta kando ya barabara? Mmoja huingiza mpira katika pipa, akavuta kidogo kwa kinywa, kisha mafuta yenyewe hutoka katika pipa na kuingia katika bidoni lililo chini. Hakuna anayeyasukuma. (Wewe usifanye hivyo kwa kinywa, kwa maana mafuta yakiingia mapafuni huweza kuua.)

Mabomba ya maji huweza kufanya vivyo hivyo. Tuseme mama anamwogesha mtoto. Anaacha kinyunyizio kimelala ndani ya beseni la maji ya sabuni na uchafu, naye anakwenda kumvika mtoto. Wakati huo huo maji ya mji yanakatika, na jirani wa bondeni anafungua bomba lake. Bomba tupu linavuta. Maji ya beseni yanapanda katika mpira na kuingia katika bomba la watu wote. Maji yanaporudi, mtu mwingine anakinga kikombe na kunywa.

Mahali ambapo maji hayakatiki, hatari hii ni ndogo. Kwetu ni kubwa. Kwa hiyo shika sheria hizi:

1. Usiache kinyunyizio ndani ya beseni, ndoo au pipa. Kitundike juu, mahali ambapo hakiwezi kugusa maji yaliyotumika.

2. Unapojaza pipa, acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya mdomo wa kinyunyizio na mdomo wa pipa.

3. Ukimaliza kuoga, funga bomba lenyewe ukutani. Kitufe cha mkononi si cha kufunga maji usiku kucha, maana mpira hubaki umejaa nguvu ya maji, nao huweza kupasuka.

4. Kama fundi ana kifaa kinachoruhusu maji kwenda mbele tu bila kurudi nyuma, mwambie akifunge kati ya bomba na mpira.

Kukitunza

Maji yakilala katika mpira wenye joto siku nyingi, utelezi hukua ndani, na katika utelezi huo huishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Wako wengine ambao mtu akiwavuta pamoja na manyunyu huweza kuugua mapafu. Madaktari waliwatambua baada ya watu wengi kuugua mwaka 1976 huko Philadelphia, Marekani. Kwa hiyo baada ya kila kuoga, inamisha mpira umwage maji yote. Maji ya mji yakirudi baada ya kukatika siku nyingi, usiingie kuoga mara moja. Tumbukiza mpira katika ndoo tupu, fungua polepole, jitenge na manyunyu, na uache maji ya kutu yatoke. Kisha inua mpira kabla ya kufunga bomba. Usiyamwage maji hayo: yafaa kwa kuosha choo.

Mara moja kwa mwezi fungua kichwa. Ondoa mchanga katika kichujio, sugua kwa mswaki mkuukuu, toboa matundu yaliyoziba kwa sindano. Kama kuna ukoko mgumu, kiloweke katika maji ya ndimu au siki kwa muda wa saa moja.

Kama huna bomba

Usihuzunike, wala usifunge kijitabu. Chukua bidoni la lita 5 lililokuwa na mafuta ya kula. Lile lililokuwa na petroli au dawa ya wadudu usilitumie kamwe. Lioshe vizuri. Kwa msumari mwembamba uliotiwa moto, toboa matundu madogo kumi katika kifuniko chake, na tundu moja dogo karibu na kitako. Jaza maji, funga, kisha ligeuze juu chini na kulitundika kwa kamba imara.

Sasa weka kidole juu ya tundu la kitako: maji yanasimama, kwa sababu hewa haiingii. Ondoa kidole: maji yananyunyiza. Kama bado yanadondoka, matundu ya kifuniko ni makubwa mno. Chombo hiki hufanya kazi ya kitufe cha dukani, tena mtoto mdogo huoga vizuri kwa lita 5. Zaidi ya hayo, maji yanayoanguka hayamrudii tena, wala hayamfikii ndugu yake.

Chimba shimo dogo lenye mawe mahali maji yanapoangukia, au yaelekeze kwenye migomba. Dimbwi nyuma ya bafu hualika mbu.

Kumwogesha mgonjwa

Hapa chombo hiki huonyesha faida yake kubwa. Mzee dhaifu, au mama aliyetoka kujifungua, hawezi kuinama juu ya ndoo. Mkalishe juu ya kiti kisichoteleza. Jaribu maji kwanza kwa ndani ya kifundo cha mkono wako. Kama unachanganya maji, tia ya baridi kwanza, ya moto baadaye. Anza na uso, malizia na miguu. Usielekeze maji kwenye kidonda kilichoshonwa au kilichofungwa bila kuagizwa na mwuguzi. Mfunike upesi asipate baridi. Na kila mtu awe na kitambaa chake.

Basi, ndugu, leo jioni mtazame yule anayeoga wa mwisho nyumbani kwako. Siku atakapopata maji safi kama yule wa kwanza, ujue kwamba umelishika somo hili.

Maswali

1. Ni magonjwa gani huletwa na upungufu wa maji?
2. Kwa nini kinyunyizio kisiachwe ndani ya beseni?
3. Maji ya bomba yakirudi baada ya siku nyingi, utafanya nini kwanza?
4. Eleza jinsi kidole kinavyosimamisha maji ya bidoni.