Breki na Joto: Somo la Mteremko Mrefu

Lori lililobeba shaba kutoka Zambia kwenda bandari ya Dar es Salaam hupita Iringa, kisha hulazimika kuushuka mlima Kitonga. Abiria wa basi linalofuata nyuma huweza kusikia harufu kali ya kitu kinachoungua. Hiyo ni harufu ya breki. Dereva asiyejua maana yake anaweza kufika kwenye kona ya chini, akakanyaga pedeli kwa nguvu zake zote, na gari lisitii. Breki hizo zilikuwa nzima asubuhi, na hakuna kilichovunjika. Ni nini basi kilichobadilika? Hilo ni swali la msingi kwa kila mhandisi anayefundishwa kusanifu breki, na jibu lake limo katika fizikia ya sekondari.

1. Kazi halisi ya breki

Watu husema kwamba breki "huondoa" mwendo. Kanuni ya hifadhi ya nishati hairuhusu usemi huo. Nishati haipotei, hugeuka tu kutoka umbo moja hadi jingine. Breki ni mashine ya kugeuza nishati mwendo kuwa joto kwa njia ya msuguano. Kwa hiyo mhandisi hujiuliza maswali mawili: Je, breki inaweza kulikamata gurudumu? Na je, joto litakalozalika litakwenda wapi? Swali la pili ndilo gumu zaidi.

2. Hesabu mbili

Lichukuliwe lori lenye tungamo la kilo 30,000 likienda kilomita 60 kwa saa, yaani mita 16.7 kwa sekunde. Nishati mwendo yake ni:

½ × 30,000 × 16.7 × 16.7 = karibu jouli milioni 4.2

Lori hilo likisimamishwa mara moja kwenye barabara tambarare, hicho ndicho kiasi cha joto kitakachozalika.

Sasa lori hilohilo lishuke mteremko wa asilimia 6, yaani mita 6 kwenda chini kwa kila mita 100 za barabara, kwa umbali wa kilomita 6. Litakuwa limeshuka kimo cha mita 360. Likitunza kasi ileile mwanzo hadi mwisho, nishati tuli yote inayopotezwa na kimo lazima igeuke kuwa joto mahali fulani:

30,000 × 9.8 × 360 = karibu jouli milioni 106

Mteremko mmoja umezidi kusimama kumoja mara 25. Iwapo kasi ni kilomita 30 kwa saa, safari hiyo huchukua dakika 12, na nguvu inayopaswa kuondolewa ni karibu kilowati 147. Ni kama pasi za umeme 147, kila moja ya kilowati moja, zikiwaka pamoja chini ya lori.

Tuseme lori lina ngoma 10 za breki za chuma cha kalibu, kila moja ya kilo 50. Kilo moja ya chuma hicho huhitaji karibu jouli 460 ili ipande digrii moja ya sentigredi. Kusimama mara moja kutazipasha ngoma digrii 18 tu. Mteremko mzima, kama joto lote lingebaki ndani ya ngoma, ungezipasha digrii 460. Hewa huondoa sehemu ya joto hilo, lakini polepole.

3. Kwa nini breki hudhoofu

Ngoma ni mfano wa sufuria ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vilivyovikwa kitu cha msuguano, navyo husukumwa nje ili vibane ukuta wa ngoma. Joto likizidi, mambo mawili hutokea kwa pamoja.

Kwanza, msuguano kati ya viatu na ngoma hupungua. Pili, ngoma hutanuka na kuviacha viatu nyuma. Katika lori lenye breki za upepo, fimbo inayosukuma viatu ina mwisho wa mwendo wake. Ikifika hapo, dereva akikanyaga zaidi hapati zaidi.

Breki za diski zina nafuu: diski ikipata joto hutanuka kuelekea kwenye pedi, wala haiziachi, tena iko wazi kwa hewa. Lakini magari madogo, ambayo breki zake husukumwa na mafuta, yana hatari nyingine. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Yale ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya digrii 205 yakiwa mapya. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi digrii 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kwa urahisi. Pedeli huzama bila ya kufanya kazi.

4. Jinsi breki zinavyopimwa

Mteremko uliotumiwa katika hesabu hapo juu haukuchaguliwa ovyo. Kanuni namba 13 ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa ya Ulaya inatumia kipimo hichohicho kwa magari mazito: shehena kamili, mteremko wa asilimia 6, kilomita 6, kwa wastani wa kilomita 30 kwa saa. Baada ya hapo, breki hupimwa zingali na moto. Breki inayofanya vizuri ikiwa baridi haijafaulu bado.

Katika jaribio hilo gari huwekwa katika gia inayofaa, ili injini isaidie kulizuia. Hapo ndipo lilipo fundisho kwa dereva. Injini ikichukua kilowati 100 kati ya zile 147, breki hubakiwa na thuluthi moja tu ya mzigo, na hesabu ya digrii 460 hushuka hadi karibu 150. Kwa hiyo gia nzito huingizwa kabla ya kuanza kushuka. Gari likishashika kasi, huenda isikubali kuingia tena.

Mhandisi huweza kuongeza chuma na hewa, lakini hawezi kuifuta nishati ya kimo. Kazi yake na ya dereva ni moja: kuigawa nishati hiyo kati ya injini na breki, na kuipa hewa muda wa kuondoa joto.

Maswali

1. Lori la mfano wetu likienda kilomita 80 kwa saa badala ya 60, nishati mwendo yake itaongezeka mara ngapi?
2. Lori likishuka mteremko uleule kwa kasi maradufu, jumla ya joto la kimo haibadiliki. Kwa nini basi ngoma hupata moto zaidi?
3. Baiskeli na mpandaji wake wana kilo 80. Wakishuka kimo cha mita 50 bila ya kuongeza kasi, ni jouli ngapi zinazogeuka joto, na huonekana wapi?