Moja Mara Moja Mara Moja: Hisabati kama Mfano wa Imani, na Mipaka Yake

Utangulizi



Sisi tunaosoma falsafa hapa Ipagala hutoka Jumamosi alasiri kwenda kwenye utume. Wengine huenda kwa wagonjwa, wengine kwa wanakwaya, wengine kufundisha katekisimu. Mwaka huu, tulipofika somo la Utatu Mtakatifu na vijana wa Kipaimara, tulifundisha kama tulivyofundishwa sisi tulipokuwa na umri wao. Tuliandika ubaoni: 1 + 1 + 1 = 3. Tukasema, "Wengi huhesabu hivi, ndiyo maana Utatu unawashinda." Kisha tukaandika chini yake: 1 × 1 × 1 = 1. Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho Mtakatifu ni Mungu, na Mungu ni mmoja. Vijana wakapiga makofi.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. "Frateri, hata 1 × 1 × 1 × 1 ni 1. Sasa kwa nini Nafsi zisiwe nne?"

Darasa likacheka. Nasi tukacheka, kwa kukosa la kusema. Tulimjibu kwamba Utatu ni fumbo, tukasali sala ya kufunga, tukaondoka. Ni kweli kwamba Utatu ni fumbo. Lakini siku ile tulilitumia neno hilo kama mlango wa kutokea, na kijana aliona.

Makala hii ni deni letu kwake. Tunauliza: je, hisabati inaweza kuwa mfano wa imani? Jibu letu ni kwamba inaweza, kwa sharti moja: anayetoa mfano aseme pia mahali mfano huo unapoishia.

1. Kosa letu lilikuwa wapi?

Mfano wa kuzidisha una jambo jema. Unamfanya msikilizaji asimame kidogo na kukubali kwamba si kila kuhesabu ni kujumlisha. Lakini tukiusukuma mbele kidogo, tunakuta kasoro tatu.

Kwanza, unathibitisha kupita kiasi. Moja ukiizidisha kwa moja mara kumi au mara elfu, jibu ni lile lile. Mfano unaoweza kupokea Nafsi elfu hauwezi kuwa ushahidi wa Nafsi tatu. Hapo kijana wetu alikuwa sahihi kabisa.

Pili, kuzidisha kwa moja hakubadilishi kitu. Moja ya pili na ya tatu ziwepo au zisiwepo, jibu halitikisiki. Tena zote zinafanana, hakuna awezaye kusema ipi ni ipi. Kanisa halifundishi hivyo. Nafsi zinatofautiana kweli: Baba hazaliwi na yeyote, Mwana amezaliwa na Baba tangu milele, Roho Mtakatifu anatoka kwa Baba na Mwana. Katika karne ya 3 Sabellius alifundisha kwamba Baba, Mwana na Roho ni majina matatu tu ya Nafsi moja, na Kanisa likamkatalia. Hesabu yetu ya ubaoni, bila sisi kukusudia, ilikuwa inawaongoza vijana kuelekea kwake.

Tatu, namba tunazojifunza shuleni huhesabu vitu: mbuzi watatu, madebe matatu ya mtama. Mt. Thoma wa Akwino, katika sehemu ya kwanza ya Summa, swali la 30, anauliza kama namba tunazozitaja juu ya Mungu zinaongeza kitu ndani yake. Anajibu kwamba haziongezi. Tunaposema Mungu ni mmoja, tunakanusha mgawanyiko. Tunaposema Nafsi ni tatu, tunakiri kwamba Baba siye Mwana, wala Mwana siye Roho Mtakatifu. Karne nyingi kabla yake, Mt. Basili Mkuu alikwisha kuonya katika kitabu chake juu ya Roho Mtakatifu kwamba Nafsi hatuzihesabu kwa kuzijumlisha. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 253, inafundisha kwamba Nafsi hazigawani Umungu kati yao, bali kila Nafsi ni Mungu mzima. Watu watatu wakigawana debe la mtama, kila mmoja anaondoka na theluthi. Kwa Mungu hakuna theluthi.

Basi kwa nini tatu na siyo nne? Jibu halitoki kwenye kuzidisha. Linatoka kwenye historia ya wokovu. Baba alimtuma Mwana; Mwana alituahidia Roho Mtakatifu na kumpeleka kutoka kwa Baba; nasi tumebatizwa kwa jina la hao watatu, kama Kristo mwenyewe alivyoagiza mwishoni mwa Injili ya Mathayo. Tatu hii tumeipokea, hatukuikokotoa.

Jambo hili si la darasani tu. Vijana wetu wa Dodoma wanakaa dawati moja na rafiki zao Waislamu, wanacheza mpira pamoja, na jioni wanazungumza mambo ya dini. Kijana akienda kwenye mazungumzo hayo na 1 × 1 × 1 kama ushahidi, atajibiwa kwa sentensi moja, kama tulivyojibiwa sisi. Hatari kubwa si kwamba atashindwa hoja. Hatari ni kwamba atadhani kilichoshindwa ni imani yake, kumbe ni hesabu yetu tu.

2. "Analogia" ni neno la wanahisabati

Je, tuiache hisabati kabisa? Hapana. Tunapofundishwa kwamba lugha juu ya Mungu ni lugha ya analogia, tukumbuke kwamba neno hilo lilikuwa la wanahisabati wa Kigiriki. Kwao lilimaanisha uwiano. Euclid aliushughulikia katika kitabu cha tano cha Elementi zake. 2 kwa 4 ni kama 3 kwa 6: namba ni tofauti, lakini uhusiano ni ule ule. Aristotle akalitumia neno hilo katika falsafa, na wanateolojia wakalipokea.

Hivyo tunaposema Mungu ni mchungaji, hatusemi kwamba anashika fimbo na kufuata ng'ombe kama mfugaji wa Kigogo. Tunasema kwamba, kama mchungaji alivyo kwa kundi lake, ndivyo Mungu alivyo kwa watu wake. Uhusiano ndio unaofananishwa.

Lakini hata uwiano huo una mpaka. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano ulikataa maelezo ya Joachim wa Fiore juu ya Utatu, kwa sababu yaliufanya umoja wa Mungu uonekane kama wa watu wengi wanaounda taifa moja. Hapo Mtaguso ukafundisha kwamba kati ya Muumba na kiumbe hakuna mfanano unaoweza kutajwa bila kutaja pia tofauti iliyo kubwa zaidi. Tuangalie, basi, mifano mitatu ya hisabati kwa kipimo hicho.

3. Mifano mitatu na mipaka yake

(a) Duara na pembe

Nicolaus Cusanus, Mjerumani aliyekuja kuwa Kardinali, alimaliza mwaka 1440 kitabu kiitwacho De docta ignorantia, yaani ujinga wa mtu aliyejifunza hata akajua kwamba hajui. Humo anasema akili yetu ni kwa ukweli kama umbo la pembe nyingi lilivyo kwa duara.

Mfano huu unaweza kuchorwa mchangani kwa kamba na kijiti. Chora duara lenye kipenyo cha mita 1. Ndani yake chora umbo la pembe sita zilizo sawa, kila pembe ikigusa duara: mzingo wake ni sentimita 300 kamili. Fanya pembe ziwe 12: mzingo ni karibu sentimita 310.6. Zikiwa 96, ni karibu sentimita 314.1. Duara lenyewe lina sentimita 314.159 na kuendelea, desimali zisizokoma. Kila pembe unayoongeza inakusogeza, lakini umbo lenye pembe haligeuki kuwa duara.

Hivyo kusoma teolojia si kazi ya bure, maana pembe 96 zimekaribia kuliko 6. Wala hakuna msomi wa kujivuna, kwa kuwa naye bado ana pembe.

Mpaka wa mfano huu: duara limetulia pale pale, pembe ndizo zinazohangaika kulifikia. Mungu hakutulia hivyo. Neno alifanyika mwili akakaa kwetu, hata kwa asiyejua kuchora pembe moja.

(b) Senti mbili za mjane

Katika sura ya 21 ya Luka, Yesu anasema mjane aliyetoa senti mbili ametoa zaidi kuliko wote. Kwa kujumlisha, maneno hayo si kweli. Kwa uwiano, ni kweli tupu. Mwenye shilingi 1,000,000 akitoa 50,000 ametoa asilimia 5. Mama muuza mboga mwenye 2,000 akizitoa zote ametoa asilimia 100. Yesu hakuangalia kilichoingia sandukuni tu. Aliangalia pia kilichobaki mkononi.

Mpaka wake: tusikae mlangoni pa kanisa na kikokotoo tukipima asilimia za majirani. Mtume Paulo anawakumbusha Wakorinto kwamba mtu aweza kutoa mali yake yote na bado akakosa upendo. Asilimia 100 ya mfuko si lazima iwe asilimia 100 ya moyo.

(c) Saba mara sabini

Petro alitaka namba: nisamehe mara ngapi, hata mara saba? Yesu akampa hesabu: saba mara sabini. Jibu ni 490. Lakini anayeweka daftari na kusubiri kosa la 491 hajaelewa. Bwana ametumia kuzidisha ili atutoe kwenye kuhesabu.

Mpaka wake: kusamehe bila kuhesabu si kusema kwamba kosa si kosa, wala si kumwambia anayepigwa nyumbani anyamaze. Msamaha hauondoi haki.

Hitimisho

Jumamosi iliyofuata tulirudi darasani. Tulimwambia yule kijana mbele ya wenzake kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu letu, na kwamba mfano wetu ulikuwa na kasoro. Tulitoka nje, tukachora duara chini ya mti. Aliongeza pembe hadi 24, kamba ikachoka. Hakupiga makofi safari hii, ila aliuliza maswali mengine mawili, na moja bado tunalifanyia kazi.

Kwetu tunaojiandaa kwa upadre, na kwa makatekista na walimu, tunapendekeza kila mfano wa imani, wa hisabati au wa kitu kingine, upimwe kwa maswali matatu kabla haujaandikwa ubaoni. Unaonyesha nini? Unaishia wapi? Ukiisha kueleweka, unamwelekeza msikilizaji kwa Mungu, au unamwacha akistaajabia ujanja wa mwalimu?

Maswali ya kutafakari katika jumuiya na vikundi vya vijana

1. Ni mfano gani wa Utatu Mtakatifu ulifundishwa utotoni? Unasaidia wapi, na unakwama wapi?

2. Je, umewahi kumjibu mtu "ni fumbo" kwa sababu tu hukuwa na jibu? Ungemjibu nini leo?

3. Katika maisha yako ya sasa, ni nani unayemwekea daftari la makosa?