Tusome Nyuso Kwanza: Vitabu vya Picha na Hisia za Mtoto Mdogo

Hadithi inapoisha, mkubwa aliyeshika kitabu huwa na swali lake tayari: "Haya, hadithi hii imetufundisha nini?" Swali hilo tulilirithi darasani, na kwa mtoto wa darasa la tano halina ubaya. Kwa mtoto wa miaka mitatu linamwondoa kwenye hadithi kabla hajamaliza kukaa ndani yake. Alikuwa anamtazama sungura anayelia. Sasa anatafuta jibu litakalomfurahisha mama.

Makala hii ni ya wazazi na walezi wa watoto walio chini ya miaka sita. Inahusu namna ya kutumia kitabu cha picha kumsaidia mtoto azitambue hisia zake, na namna ya kuendeleza kazi hiyo jikoni, kwenye daladala na wakati wa kulala. Huhitaji kuwa msomaji hodari. Hata bibi asiyejua kusoma anaweza, maana sehemu kubwa ya kazi hii iko kwenye picha.

Mtoto mdogo ana hasira, wivu, hofu na aibu kamili, sawa na za mtu mzima. Asichokuwa nacho ni maneno ya kuzisema, wala breki za kujizuia: sehemu ya mbele ya ubongo, inayomsaidia mtu kutulia kabla ya kutenda, hukomaa polepole mpaka anapovuka miaka 20. Ndiyo maana akinyimwa biskuti anajitupa chini. Wakati huo hasikii mawaidha, hata yawe mazuri namna gani. Kitabu kinakupa nafasi ya kuzungumzia hasira wakati yeye mwenyewe hana hasira, tena hasira ya mwingine, ya kwenye karatasi. Ikimtisha, anafunua ukurasa unaofuata.

Maneno tunayo tele: hasira, kinyongo, huzuni, uchungu, hofu, wasiwasi, wivu, aibu, upweke, hamu, na vitendo vyake, kununa na kususa. Lakini watoto wengi nyumbani husikia mawili tu: "umefurahi?" na "nyamaza!"

Kusoma kwa kuuliza

Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani, Grover Whitehurst, na wenzake walichapisha utafiti uliobadilisha namna wataalamu wanavyoutazama usomaji wa vitabu vya picha. Waliwafundisha wazazi wa watoto wa miaka miwili hivi wasisome moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, bali waulize, wasikilize na kuongezea kidogo kwenye alichosema mtoto. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto hao walikuwa wamewapita katika kuzungumza wenzao waliosomewa kwa njia ya kawaida. Mtoto akiwa msemaji, kitabu kinamwingia.

Kwa upande wa hisia, mazungumzo yanaweza kwenda hivi. Pichani kuna mtoto wa tembo amekaa peke yake chini ya mti, na mbali kidogo wenzake wanacheza mpira.

"Unaona nini hapa?"

"Tembo."

"Ehe, tembo mdogo. Hebu mwangalie usoni."

"Analia."

"Analia kweli. Naona ana huzuni, wenzake wanacheza bila yeye."

Hapo mama ananyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote, maana sisi wakubwa tuna haraka ya kufika mwisho wa hadithi. Hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo. Mara nyingi mtoto atarudi na lake: "Hata mimi Juma alininyima baiskeli." Usikimbilie kutengeneza. Ukisema "Juma ni rafiki yako, msamehe," umefunga mazungumzo. Sema tu, "Eeh, ukajisikiaje?" Akijibu kwa neno moja, linatosha. Asipojibu, funua ukurasa.

Mtoto wa miezi 6 hadi 12 hahitaji hadithi. Mpakate, muonyeshe picha za nyuso, na wewe uige sura hizo kwa uso wako. Atakitafuna kitabu, mwache, ndivyo anavyokijua. Wa mwaka mmoja na nusu ataonyesha kwa kidole, nawe unataja: "Analia. Anacheka. Ameogopa." Kuanzia miaka mitatu muulize kwa nini, na yeye angefanyaje. Wa miaka mitano anaweza kuanza kuelewa kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na hisia mbili kwa pamoja, kama mtoto anayefurahia kwenda chekechea na huku anaogopa kumwacha mama.

Dakika 10 kwa siku zinatosha. Si lazima mmalize kitabu. Akitaka kile kile kwa siku saba mfululizo, msomee tena na tena. Wewe kinakuchosha, yeye bado kuna kitu anakitafuta humo. Kurudia kunampa raha ya kujua kinachokuja, na ndani ya raha hiyo anathubutu kuangalia ukurasa unaomtisha.

Na asome naye kila anayeshinda naye. Katika nyumba nyingi za mjini anayemwona mtoto saa nyingi zaidi ni dada wa kazi. Kumfundisha dada namna hii ya kusoma, na kumpa muda wa kufanya hivyo bila kuitwa akaoshe vyombo, ni sehemu ya malezi. Baba naye asisubiri mtoto akue ndipo wazungumze.

Kitabu gani?

Tafuta nyuso zinazoonekana vizuri, maneno machache, na mhusika anayepatwa na jambo ambalo mtoto wako analijua: kugombania kitu, kupotea sokoni, kupata mdogo, kuogopa giza. Kwepa kile ambacho kwenye ukurasa wa mwisho kinatoa hotuba. Kuna kitabu cha Mmarekani Maurice Sendak, *Where the Wild Things Are*, kilichotoka mwaka 1963. Mtoto Max anafanya utundu, analazwa bila chakula, kwa hasira anasafiri hadi kwa madude ya kutisha na kuwa mfalme wao, kisha anawakumbuka wa nyumbani. Anarudi na kukuta chakula chake kikimsubiri, bado cha moto. Hakuna anayemwambia Max kwamba hasira ni mbaya. Mwaka uliofuata kilipata Nishani ya Caldecott, tuzo kubwa ya vitabu vya picha nchini humo.

Kwa Kiswahili hatuna vingi vya kutosha, lakini vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukisaidia waandishi na wachapishaji tangu 1991. African Storybook, mradi ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi nyingi za picha kwenye intaneti, za Kiswahili zikiwemo, na leseni yake inaruhusu kuzipakua, kuzichapa na hata kuzitafsiri bure. Ukipata nafasi ya kuchapa kurasa chache kwenye steshenari ya mtaani, mtoto ana kitabu. Maktaba za umma nazo zina sehemu ya watoto.

Kitabu ambacho mimi ningekiweka mbele ya vyote, hata hivyo, hakiuzwi. Chukua karatasi za upande mmoja au migongo ya kalenda ya mwaka jana, zikunje, zishone katikati kwa sindano na uzi. Mchore mtoto mwenyewe siku aliyoanza chekechea: kwenye geti analia, kwenye mkeka na mwalimu, jioni anakimbilia nyumbani. Mchoro wa vijiti na vichwa vya duara unatosha. Acha nyuso nyingine wazi azichore yeye. Wenye picha za simu wanaweza kuzitoa na kuzigundisha. Mtoto anayejiona kitabuni husimulia mambo ambayo hukuwahi kumuuliza.

Nje ya kitabu

Sasa yupo dukani, amejitupa chini, watu wanaangalia. Kwanza shusha pumzi wewe. Chutama mpaka macho yenu yakutane, sauti ya chini, maneno machache: "Umekasirika kwa sababu nimekataa pipi." Kisha mpaka: "Kukasirika sawa. Kunipiga, hapana." Pipi usimpe, la sivyo umemfundisha kwamba kelele hulipa. Mkumbatie akikubali, asipokubali, kaa karibu. Maelezo yasubiri atulie, na hapo ndipo mnaweza kumkumbuka mhusika wa kitabuni: "Kama yule tembo siku ile, eti?"

Vitisho tuviache. "Ukilia daktari atakuchoma sindano." "Nitamwita polisi akuchukue." "Zimwi linakuja." Vinanyamazisha kwa dakika tano, halafu vinadai. Siku anapougua kweli, anashikilia mlango wa zahanati kwa kucha, na akipotea mjini hatamwendea askari. Vivyo hivyo lile la "mwanaume halii". Mvulana wa miaka minne si mwanaume, na akizuiwa kulia, uchungu wake utatokea kwenye ngumi.

Anapozaliwa mdogo, mkubwa huanza tena kukojoa kitandani, kudeka, kutaka kubebwa, pengine kumfinya kichanga. Si ukorofi, ameona nafasi yake imechukuliwa. Mwambie kwamba wivu unampata mtu, na kwamba mdogo hafinywi. Kisha mpe muda wake peke yake na mama, hata robo saa, wakati kichanga amebebwa na mwingine. Kitabu chenu cha dakika 10 kisikatizwe wakati huo hasa.

Msiba ndio mahali tunapokosea zaidi, tena kwa upendo. Bibi amefariki, na mtoto anaambiwa "amesafiri" au "amelala". Wa miaka minne anachukua maneno kama yalivyo. Kama amesafiri, mbona hakuaga, na anarudi lini? Kama ni usingizi, basi kulala ni hatari, na usiku unaofuata anagoma kuingia kitandani. Mwambie wazi, kwa upole: "Bibi amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui tena, haumwi tena. Hatarudi. Sote tuna huzuni." Wenye dini wataongeza wanachoamini kuhusu roho, na hilo lina nafasi yake, alimradi neno "amekufa" lisikosekane. Mwambie pia kwamba hakuna alilofanya yeye lililosababisha, kwa kuwa watoto wa umri huo hudhani mambo hutokea kwa ajili yao: alikataa kumletea bibi maji, ndiyo maana. Kesho atauliza tena bibi yuko wapi. Jibu lile lile, kwa maneno yale yale. Na akitoka hapo akaenda kucheza akicheka, msimwite hana utu. Watoto huingia kwenye huzuni na kutoka, kwa vipande vidogo. Kitabu cha kushona chenye picha za bibi kinafaa sana siku hizo, na chakula alichopenda kupika kiwepo.

Kuna jambo dogo la simu. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha kwa muda mfupi wakaushe uso bila kujibu chochote. Watoto walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakajaribu kila hila, mwishowe wakageuza macho pembeni wakiwa wamenyong'onyea. Mama yupo, lakini uso haujibu. Anayetazama simu huku akinyonyesha hafanyi kosa la jinai, ila mtoto anausoma uso huo pia. Tanzania, katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, imeliweka jambo hili, yaani malezi yenye mwitikio, sambamba na afya, lishe, ulinzi na usalama, na ujifunzaji wa awali. Kwa simu na runinga za mtoto mwenyewe, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba wa chini ya miaka miwili asiwekewe kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.

Zipo hali ambazo kitabu na subira havitoshi. Mtoto aliyekuwa anaongea akaacha; anayefika miaka miwili bila kuunganisha hata maneno mawili; asiyetazama uso wa mtu wala kugeuka anapoitwa jina; anayejiumiza; anayeota majinamizi wiki baada ya wiki; anayemwogopa ghafla mtu mmoja mahususi. Mpeleke kliniki ya watoto, na uwe umeandika ni lini jambo lilianza, hutokea mara ngapi na kulitangulia nini, maana ndiyo maswali ya kwanza utakayoulizwa. Kama una shaka kwamba mtoto anafanyiwa ukatili, Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya zote zina namba moja ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, 116, na kupiga ni bure.