KISOMO CHA WATU WAZIMA HAKIJAISHA

Mtu asiyejua kusoma akipewa simu ya mkononi, amepewa nini? Amepewa njia ya kuongea na walio mbali, nalo ni jambo jema. Lakini siku hizi simu ni mfuko wa fedha, ni barua, tena ni mlango wa ofisi nyingi za Serikali. Asiyejua kusoma hana budi kumkabidhi mjukuu au jirani simu hiyo pamoja na namba yake ya siri, na tangu hapo siri si siri tena. Ndiyo maana twaliona jambo la kisomo kuwa jambo la heshima ya mtu.

Nchi yetu si ngeni katika kazi hii. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwalimu Julius Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1971 TANU ikaagiza kwamba kutojua kusoma kufutwe ifikapo mwisho wa 1975. Watu zaidi ya milioni 5 walijiandikisha. Kwa hesabu za Serikali, wasiojua kusoma walipungua hata wakawa 39 katika kila 100 mwaka 1975, na wasiofika 10 mwaka 1986.

Mafanikio hayo yalitokana na nini? Kwanza, Serikali ilikusudia kweli: iliweka lengo, ikaweka muda, kisha ikawapima watu kwa mitihani. Pili, kisomo kilifungamanishwa na kazi. Katika majaribio yaliyoanza mwaka 1968 kandokando ya Ziwa Victoria, kwa msaada wa UNESCO, vitabu vilieleza habari za pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe. Tatu, redio ilitumika. Katika kampeni ya «Mtu ni Afya» ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Baadaye moto ule ulipoa. Dhiki ya uchumi ya miaka ya 1980 ilipunguza fedha za kazi hiyo, na msomaji asiye na cha kusoma husahau. Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila watano hakujua kusoma na kuandika. Kisomo basi ni kama shamba: lisipopaliliwa, magugu hurudi.

Na tangu mwaka 2008, huduma ya fedha kwa simu ilipoingia nchini, gharama ya kutojua imeongezeka. Mama auzaye mboga akituma shilingi 20,000, yampasa asome jina la mpokeaji kabla ya kukubali, ajue makato, kisha ahakikishe salio. Asipoweza, huyo ndiye windo la matapeli waandikao, «Ile hela itume kwenye namba hii.» Hapo kusoma, kuhesabu na kutumia simu si masomo matatu, bali ni somo moja.

Kwa hiyo twaiomba Serikali mambo mawili. Mosi, madarasa ya watu wazima yapewe fungu la kudumu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria mwaka 1975, na majengo ya shule yapo hata vijijini. Hatuanzi na mikono mitupu. Pili, mafunzo ya simu yasitengwe na kisomo: ujumbe wa wakala na risiti ya umeme viwe kitabu cha darasani, kama pamba ilivyokuwa zamani.

Nanyi wazazi na vijana, msingoje Serikali peke yake. Kijana, usimfanyie mama yako kila kitu; keti naye, abonyeze mwenyewe, arudie hata azoee. Wala usimcheke, kwani mtu mzima huacha darasa kwa aibu kuliko kwa ugumu wa somo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Ni nani kati yetu amtegemeaye mwingine kusoma ujumbe wake?

2. Namba yake ya siri yajulikana na watu wangapi?

3. Ni jioni gani katika juma tutakayoitenga kumfundisha?