Risasi na Mionzi ya Gama: Swali la Mfano

Mgonjwa wa saratani ya ulimi kutoka Majengo, Mpanda, anatibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mashine ya kobalti-60. Tezi zake za mate zikiharibika, mdomo utakauka na kumeza ugali kutakuwa shida. Sentimita 1.2 za risasi hupunguza mionzi hiyo hadi nusu. Je, kipande cha sentimita 6 kitapitisha kiasi gani?

Jibu: 6 ÷ 1.2 = 5. Basi (½)⁵ = 1/32, karibu 3%.

Usiandike "risasi huzuia mionzi yote". Alama hupotea hapo. Tena, risasi inayowekwa ndani ya mdomo hufunikwa kwa nta, kwani mionzi ikiigonga hurudisha elektroni zinazoweza kuunguza shavu.