Mtoto akitishwa kwa picha zake mtandaoni: ya kufanya kabla ya kufika polisi

Ujumbe wenyewe huwa mfupi: "Tuma elfu tano kwa hii namba, la sivyo picha zako naziweka kwa grupu ya darasa lenu." Mtoto wa miaka 14 akiupokea, hawazii sheria, anawaza baba na mama watasema nini. Kwa hiyo kabla ya lolote, mwambie hana kosa, mkosaji ni yule anayemtisha. Usimpokonye simu kwa hasira. Mtoto akiadhibiwa kwa kusema ukweli hatasema tena, na wadogo zake wanaotazama nao watajifunza kunyamaza.

Kenya haina upungufu wa sheria hapa. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 kinamtoza anayesambaza au kumiliki picha za ngono za watoto faini ya hadi shilingi milioni 20, au kifungo cha hadi miaka 25, au vyote viwili. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inatambua dhuluma za mtandaoni. Ila kesi husimama kwa ushahidi, na ushahidi wa kwanza umo ndani ya simu ya mtoto wako. Usifute kitu.

Angalia vizuri hilo neno kusambaza. Shangazi anayeirusha picha kwa kikundi cha ukoo akiuliza "nani anamjua huyu mtu?" naye ameisambaza. Nia yake ni njema, lakini picha imeshafika kwa simu arobaini, na mtoto ataaibika kwa kila mmoja wao. Usimtumie mwalimu, usimtumie mchungaji. Mwenye haja ya kujua, mweleze kwa mdomo.

Piga picha za skrini za mazungumzo, jina la akaunti au namba ya simu, tarehe na saa zikionekana. Picha za utupu zenyewe usizinakili; ziache zilipo. Nakili anwani kamili ya ukurasa wa mhalifu, kwa kuwa jina linaloonekana juu hubadilishwa kwa dakika moja. Kama ametaka pesa kwa M-Pesa, namba hiyo ni mali kubwa kwa mpelelezi: kila laini nchini lazima isajiliwe kwa kitambulisho. Huenda kitambulisho chenyewe ni cha mtu mwingine, lakini polisi wamepata pa kuanzia. Msilipe. Anayelipwa leo atarudi kesho na bei mpya. Kama mtoto alishatuma, hifadhi ule ujumbe wa M-Pesa wenye nambari ya muamala.

Kuchapisha mazungumzo kwa saiba ya mtaani ni hatari, maana nakala hubaki kwenye kompyuta yao. Isitoshe, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulitoka kwa kifaa gani na ulitolewaje. Waachie polisi kazi ya kuchapisha, na simu ya mtoto ibaki kama ilivyo.

Ukishahifadhi hayo, ripoti akaunti ndani ya programu yenyewe, kisha umfungie mhalifu. Usigeuze mpangilio huo, maana akaunti ikiondolewa kwanza, ulichotaka kukihifadhi kinaweza kupotea nayo. Chagua kipengele cha unyanyasaji wa watoto kingono. Sheria ya Marekani inazilazimisha kampuni za huko kupeleka taarifa za aina hii kwa kituo cha kitaifa kiitwacho NCMEC, nacho huzituma kwa polisi wa nchi husika, wakiwemo DCI, idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya. Kituo hicho pia kina huduma ya bure ya Take It Down: simu yako inatengeneza alama ya kidijitali ya picha, picha yenyewe haitoki, na mitandao iliyojiunga, kama Instagram na TikTok, huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Haifiki kwenye mazungumzo yaliyofumbwa ya WhatsApp.

Piga 116, namba ya msaada kwa watoto. Ni bure, usiku na mchana, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe. Tanzania namba ni hiyo hiyo, na vituo vya polisi huko vina Dawati la Jinsia na Watoto. Hapa Kenya, ukifika kituoni uliza dawati la jinsia, na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, kwani bila hiyo kufuatilia ni taabu tupu. Ukizungushwa, DCI wana laini ya bure, 0800 722 203.

Wakati mwingine picha ni ya kubandika tu: uso wa mtoto umetolewa kwenye ukurasa wa shule na kuunganishwa na mwili wa mtu mwingine. Hili nalo lipeleke polisi, kisha iandikie shule barua ikuondolee picha za mwanao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi, na mwaka 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Shule ikikaa kimya, lalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kumaliza uchunguzi. Bakisha nakala ya barua uliyoiandikia shule, yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa.