Mas'ala ya Fedha za Benki na Mirathi

  

Yamezidi masuala ya watu juu ya fedha zilizowekwa benki: mwenyewe akifa, ni za nani? Mtu huandikisha jina la mwanawe mkubwa kuwa ndiye atakayepokea baada yake, akarudi nyumbani moyo umemtulia, adhani amekwisha panga mambo yake. Baada ya matanga, mwenye jina hudai zote ni zake kwa kuwa karatasi yasema hivyo, na ndugu wa tumbo moja wakaacha kuamkiana.

Jua, ewe ndugu, kwamba jina hilo halimmilikishi mtu kitu. Likiwa ni uwakili, uwakili hubatilika kwa kufa aliyewakilisha. Likiwa ni wasia, basi ni wasia kwa mrithi, nao katika madhehebu ya Imam Shafi haupiti ila waridhie warithi wengine baada ya mauti. Ridhaa ya kabla haihisabiwi, na mtoto mdogo hana ridhaa, wala walii wake hawezi kumridhia. Na likiwa ni hiba, hiba haimilikiwi ila kwa kukabidhiwa, na fedha zilikuwa mikononi mwa baba hata siku yake ya mwisho. Basi mwenye jina ni mwenye amana tu: azitoe, azifikishe kwa wenyewe.

Ama hisabu ya majina mawili, ya mume na mke, kila mmoja ana kadiri ya alichotia, si nusu kwa nusu. Na hapa wanawake hudhulumiwa sana. Fedha za kazi ya mke si za maiti. Aziondoe kwanza, kisha ndipo apewe urithi wake.

Mfano: mtu amekufa, ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja, wazazi wake walikwisha kufa. Benki mna shilingi 560,000, bila ya riba, kwani riba si milki yake hata irithiwe. Zaka aliyokuwa hajaitoa, mazishi, na madeni pamoja na mahari ya mke yaliyosalia, jumla yake 80,000. Hakuusia kitu. Zimebaki 480,000. Mke ana thumni, 60,000, kila mwana wa kiume 168,000, binti 84,000. Mwana aliyeandikwa benki hazidishiwi hata senti.

Atakaye kumpa mtoto kitu, na ampe yu hai na mzima, amkabidhi, na sunna ni kuwasawazisha watoto wote. Na kwa asiye mrithi, ana thuluthi ya wasia. Haya yaandikwe mbele ya mashahidi, pamoja na jina la kila benki na kila deni. Ibn Umar amepokea kwa Mtume kwamba Mwislamu mwenye cha kuusia hafai kulala masiku mawili ila wasia wake umeandikwa.

Na huko Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, hisabu iliyolala miaka 5 bila ya mwenyewe kuigusa huhamishwa, fedha zake zikawekwa katika idara ya serikali ya mali zisizodaiwa. Warithi waweza kuzidai huko kwa hati zao, lakini kwanza wajue kwamba baba yao alikuwa na hisabu, na katika benki gani.